Kituo cha Wageni na Somo la Ndiva

Mwalimu asemaye neno na kutenda kinyume chake huharibu masomo mawili kwa pamoja. Ndivyo ilivyo nyumba. Kituo cha wageni katika hifadhi ya wanyama na miti ni mwalimu wa kwanza aonwaye na mgeni. Kikiwa na uchu wa maji, moto na fedha kuliko mji ulio jirani yake, mahubiri yake yote ya kutunza viumbe ni upepo mtupu.

Hoja hii yafaa kupimwa Same. Mkomazi, pori la akiba tangu mwaka 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, ina kilomita za mraba zipatazo 3,245, na lango lake la Zange li karibu na mji wa Same. Kusini ya mji, kando ya barabara kuu na reli, iko Makanya. Tambarare hizi zimo katika kivuli cha milima ya Upare, nazo hupata mvua chache. Atakaye kujenga huku hana budi kuanza na maji, wala si na vioo.

Wako wasemao kwamba mgeni atokaye mbali hutaka viyoyozi, madirisha mapana ya kioo na bustani ya majani mabichi. Kauli hii humheshimu mgeni kwa kumdharau mwenyeji. Kioo huingiza joto, kiyoyozi hulitoa, na gharama hurudi kila mwezi. Nyumba iliyoelekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, yenye baraza pana, paa la juu na matundu ya kupitisha upepo, hupoza bila kudai ujira. Tofali la kuchoma nalo hula kuni: ni ajabu iliyoje kukata miti ili kujenga nyumba isemayo miti isikatwe!

Katika maji, Wapare wana elimu ya kale. Ndiva ni bwawa dogo lijazwalo na kijito usiku, likafunguliwa mchana, maji yakagawanywa kwa zamu kwa njia ya mifereji. Tope lake huondolewa kwa msaragambo, kazi ya wote. Chini Makanya, wakulima huyaelekeza mashambani mafuriko yashukayo milimani. Kituo nacho kina paa. Paa la mita za mraba 200, likinyeshewa milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata zikipotea baadhi, zitakazosalia si haba. Je, ni haki maji hayo yamwagike, kisha kituo kigombee bomba moja na wananchi?

Liko deni jingine. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi. Kituo kitakachomwonyesha faru na kuwanyamazia watu kitasema nusu ya kweli. Waliochunga humo, na wazee wa Upare watunzao mpungi, misitu mitakatifu ya koo, waitwe wakati wa kuchora ramani ya jengo, wasingojee kuitwa siku ya kukata utepe.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kituo kimpacho mgeni kivuli na kumwachia mwenyeji kiu kimeipindua methali hiyo, nacho hakistahili hata jiwe lake la msingi.