Moyo wa Mkubwa wa Chumba cha Meno

Mkiulizwa ni kitu gani kinachotakiwa katika chumba cha meno, mtajibu nini? Wengine watasema: koleo nzuri. Wengine watasema: dawa ya ganzi. Wengine: kiti, taa, maji safi, na munganga mwenye diploma. Mmejibu vema, maana vitu hivi vyote vinatakiwa. Lakini mimi nimefanya kazi katika vyumba vya namna hii miaka mingi, nami nasema kuna kitu kingine kinachotakiwa kwanza. Ni moyo wa yule aliye mkubwa wa chumba. Mkubwa asiyeweza kutawala hasira yake atawaumiza wagonjwa, hata kama mikono yake ina ufundi kupita wote.

Sisemi hivi ili kuwahukumu wengine. Nitawaelezeni jinsi nilivyojifunza jambo hili.

Nilipokuwa kijana msaidizi, niliwekwa chini ya mkubwa mmoja mwenye ufundi sana. Aliweza kung'oa jino gumu la nyuma kabla mgonjwa hajamaliza kuogopa. Lakini alikuwa mtu wa makelele. Ukimpa chombo asichokitaka, alikitupa sakafuni. Ukikosa, alikuita mjinga mbele ya wagonjwa. Kila asubuhi sisi wasaidizi tulitazama uso wake kwanza, kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kwenda shambani.

Siku moja aliniachia mama mmoja nimng'oe jino la chini. Jino likavunjika, na kipande cha mzizi kikabaki ndani ya taya. Jambo hili huwapata hata wanganga wenye ujuzi. Tena pengine kipande ni kidogo na kiko chini sana, na munganga huona ni afadhali kukiacha kuliko kuuharibu mfupa. Lakini lazima mgonjwa aambiwe, na iandikwe kwenye karatasi yake. Mimi sikusema wala sikuandika. Nilimsikia mkubwa akifoka katika chumba cha pili, nikaogopa. Nikamwambia yule mama, "Jino limetoka, Mama. Ng'ata pamba hii, nenda nyumbani."

Siku ya tisa walimrudisha juu ya kipoyi. Uso umevimba, shingo imekuwa ngumu, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Ulimi wake ulikuwa umeinuliwa na uvimbe ulio chini yake. Wasomaji, mjue neno hili: usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na kuingia shingoni, unaweza kuziba njia ya pumzi, na mtu akafa. Daktari alimpasua usiku ule ule, akautoa usaha, akampa dawa za kuua vijidudu. Mungu alimhurumia, akapona. Lakini alama ya kisu iko shingoni mwake hata leo, nami naiona kila tukikutana kanisani.

Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Nilikiri mbele ya mama yule, naye alinisamehe. Lakini nauliza tena: kama mkubwa wangu angekuwa mtu anayeweza kuambiwa jambo, je, ningeficha? Nadhani nisingeficha.

Nikasema moyoni, "Mimi nikiwa mkubwa, sitafanya kama yule." Miaka ikapita, nikawekwa kuwa mkubwa. Ikaja siku moja ya soko. Wagonjwa walijaa barazani, dawa ya ganzi ilikuwa karibu kwisha, na karani alikuwa ameniita mara mbili kwa ajili ya hesabu ya franga. Kijana msaidizi akaja kuniambia kitu. Nikamkatiza, "Huoni nina kazi? Leta koleo!" Akanyamaza, akaleta koleo. Nilikuwa nimekwisha kumchoma mgonjwa sindano ya ganzi nilipoona mikono ya kijana inatetemeka. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wangu, kuna nini?" Akajibu, "Munganga, makaa yalizimika. Chungu cha mvuke hakikutimiza muda wake."

Koleo lile lilikuwa limetoka katika kinywa cha mtu mwingine asubuhi ile. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi. Lazima mvuke ufike joto la digrii 121 na kukaa hapo dakika 15 au zaidi, kwa kadiri ya vyombo na jinsi vilivyofungwa. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kupeleka ugonjwa wa ini wa aina ya B kutoka kinywa kimoja hadi kingine, hata virusi vya UKIMWI. Niliweka koleo chini. Nikaona kwamba nimekuwa kama mkubwa wangu wa zamani, wala sikujua ni siku gani nilianza kugeuka.

Basi, hapa ndipo neno langu lilipo. Hasira ya mkubwa haikai ndani yake mwenyewe. Huingia katika mikono ya wasaidizi, na kutoka mikononi mwao huingia katika kinywa cha mgonjwa. Msaidizi anayeogopa hawezi kusema, "Nimekosa," wala, "Ngoja kwanza." Na katika kazi ya meno maneno hayo mawili huokoa watu.

Wataalamu nao wamechunguza jambo hili. Mwaka 1990 wasomi wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, na kuongozwa vema nazo. Siku hizi uwezo huo huitwa akili ya hisia. Mwaka 1996 mwingine, Amy Edmondson, alitoa uchunguzi wake juu ya makosa ya dawa katika hospitali. Alitazamia kwamba vikundi vya wauguzi vinavyoongozwa vizuri vitaonyesha makosa machache. Akakuta vinaonyesha makosa mengi zaidi! Alipochungulia ndani zaidi, aliona sababu: kwa wakubwa wazuri watu hawakuogopa kutaja makosa yao, na kwa wakubwa wakali makosa yalifichwa. Basi usidanganyike na chumba kilicho kimya. Pengine ni kimya cha watu walioziba vinywa vyao.

Lakini sisi watu wa kanisa tulikuwa na fundisho hili zamani. Someni tena 2 Wafalme 5, habari za Naamani. Mara nyingi tunahubiri juu ya maji ya Yordani, tunawapita watumishi wake. Jemadari huyu alikuwa amekasirika. Alikuwa anageuza safari arudi kwao na ukoma wake. Ni nani aliyemzuia? Ni watumishi wake. Walimkaribia katikati ya hasira yake, wakamwita baba, wakamwonyesha kosa lake kwa upole. Nami najiuliza: walipata wapi ujasiri huo? Nadhani walikuwa wamemwona siku nyingine akisikiliza. Kwanza alikuwa amekubali neno la kijakazi wa nyumbani mwake, msichana mateka. Naamani alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa na mlango, na watumishi waliujua mlango huo. Kama wangemwogopa, angekufa na ukoma wake.

Najua wengine watanipinga. Watasema, "Munganga, ukiwa mpole, wasaidizi watalala. Kazi ya hospitali inataka ukali." Nawajibu: ni kweli, kazi inataka ukali, lakini ukali juu ya sheria za kazi. Chungu kisichotimiza muda hakifunguliwi, hata kama mgonjwa ni mzee wa kanisa au mkubwa wa serikali. Chombo kisichosafishwa hakiingii kinywani. Msaidizi anayeiba dawa au kuja kazini amelewa aonywe, na asipogeuka aondolewe. Katika mambo hayo mimi sibadiliki. Lakini kumwita mtu mjinga hakusafishi koleo. Kumwaibisha mbele ya wagonjwa hakumfundishi kung'oa mzizi. Kunamfundisha kuficha tu.

Mkubwa naye anahitaji rehema kwa makosa yake mwenyewe. Kuna habari ya munganga wa meno wa Marekani, Horace Wells, wa mji wa Hartford. Mwezi wa Desemba 1844 alivuta hewa iitwayo nitrasi oksaidi, akang'olewa jino lake mwenyewe, asisikie uchungu. Fikirini furaha yake! Wakati ule wagonjwa waling'olewa meno wakipiga kelele. Mwezi wa Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha watu wa udaktari. Lakini mfuko wa hewa uliondolewa mapema, mgonjwa akalia, na watazamaji wakamcheka Wells kama mdanganyifu. Akarudi kwake mgonjwa kwa aibu. Mwaka 1846 William Morton, aliyekuwa amefanya kazi pamoja naye, alionyesha dawa ya etha katika mji ule ule wa Boston, akapata sifa. Mwaka 1848 Wells alijiua, akiwa na miaka 33. Mambo mengi yalimsumbua, pamoja na kloroformi aliyoijaribu mwilini mwake. Lakini mimi nafikiri juu ya siku ile ya Boston. Kama mtu mmoja angesimama na kuuliza, "Ndugu, kwa nini haikufaulu? Tujaribu tena," mambo yangekuwa namna gani? Maana hewa ile haikuwa uongo. Wanganga wa meno wanaitumia hata leo.

Kwa hiyo, kosa likitokea, mkubwa asiulize kwanza, "Ni nani?" Aulize, "Imekuwaje, na kesho tufanye nini?" Tena ajiulize hivyo hata juu ya makosa yake mwenyewe. Mtu anayefikiri kwamba amekwisha kujua yote, kosa likimpata atalificha au atavunjika. Mtu anayejua kwamba bado ni mwanafunzi atainuka na kujifunza.

Sasa nasema na ninyi mlio wakubwa wa vyumba vya meno. Kwanza, tambueni hasira yenu mapema. Mwili hutoa habari: moyo unapiga mbio, meno yanabanana, mkono unakuwa mgumu. Siku hiyo usishike koleo mara moja. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mara tano au sita. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Pili, asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kusanyeni wasaidizi, ombeni pamoja, kisha ulizeni, "Jana kulikuwa na shida gani?" Anayejibu ashukuriwe, hata kama shida ni wewe. Tatu, ukimkosea msaidizi mbele ya watu, umwombe radhi mbele ya watu. Kijana yule wa makaa, nilimwomba radhi siku ile ile barazani, na wagonjwa wakisikia. Niliona aibu, lakini tangu siku ile ananiambia kila jambo. Nne, mwambie mgonjwa ainue mkono akisikia uchungu, na akiinua, simama. Hapo wasaidizi watajua kwamba katika chumba hiki hata aliye dhaifu anasikilizwa.

Na ninyi wazee wa kanisa na watu wa komite, mnapochagua mkubwa wa chumba, msitazame diploma peke yake. Ulizeni waliofanya kazi chini yake. Ulizeni mke wake. Ulizeni jinsi anavyosema na mfagiaji. Tena mkimwachia mtu mmoja wagonjwa wengi kupita nguvu zake, bila mapumziko na bila dawa, msishangae akifoka. Upole nao unahitaji usingizi na chakula.

Na ninyi wagonjwa mna sehemu yenu. Njoni mapema, jino likianza kuuma. Msingoje mpaka uso uvimbe. Ukivimba chini ya taya, au ukishindwa kumeza au kufunua kinywa, njoo hata usiku. Semeni kweli kama mna ugonjwa wa moyo au wa sukari, au mimba, au kama jeraha lenu huchelewa kukauka damu. Na mkiona munganga au msaidizi hakunawa mikono, semeni kwa heshima. Huyo mwenye akili atawashukuru.

Yule mama mwenye alama shingoni alirudi mwaka uliopita, akamleta mjukuu wake mwenye jino bovu. Nilimwuliza kama haogopi kumweka mtoto mikononi mwangu. Akasema, "Munganga, wewe ulikuja kwangu ukaniambia kosa lako. Nikupeleke mtoto kwa nani tena?" Kisha akaketi karibu na kiti, akamshika mtoto mkono. Kijana wangu msaidizi akanionyesha saa, akasema, "Chungu bado dakika nne." Tukangoja sote.