Nani Kasema Ndege Inajiendesha?

Kuna watu wamepanda ndege mara mbili, Dar kwenda Mwanza na kurudi, na tayari ni wataalamu wa urubani. Watakwambia kijiweni bila kupepesa macho kwamba siku hizi ndege inajiendesha, rubani analipwa mamilioni kwa kubonyeza vitufe na kunywa kahawa. Wengine huuliza mbona wawekwe marubani wawili, kwani mmoja hatoshi? Maneno haya yamerudiwa mpaka yameota mizizi. Ni uongo, na tungeucheka tukaachana nao kama usingekuwa umeanza kusikika hata kwa wapanga bajeti.

Kompyuta ya ndege kazi yake ni kutii. Rubani huiambia ielekee wapi, ishuke hadi futi ngapi, kwa kasi gani, nayo hufanya hivyo kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauuwezi. Ndege ikiwa futi 37,000 juu, utii huo ni neema. Shida huja wakati wa kushuka. Waongoza ndege hubadilisha maelekezo, njia ya kutua huhamishwa, mawingu yamefunika milima, na katika dakika chache rubani hulazimika kuiamuru kompyuta upya, tena na tena, huku ardhi ikikaribia. Mtoto ukimtuma dukani kwa maneno ya mkato, atarudi kukuuliza ulimaanisha nini. Kompyuta hairudi kuuliza.

Usiku wa tarehe 20 Januari 1992, Airbus A320 ya shirika la Air Inter ilikuwa ikishuka kwenda Strasbourg, Ufaransa. Wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba marubani walikusudia mteremko wa nyuzi 3.3. Lakini kitufe cha kuzungusha kilikuwa kimoja chenye kazi mbili: katika hali moja kilipokea nyuzi za mteremko, katika hali nyingine futi za kushuka kwa dakika. Kwenye kioo kidogo, 3.3 na 33 zilitenganishwa na nukta na herufi chache za pembeni. Ndege ikaporomoka futi 3,300 kila dakika, karibu mara nne ya ilivyotakiwa, ikagonga mlima karibu na Mont Sainte-Odile. Kati ya watu 96, walikufa 87. Baadaye Airbus ilibadilisha kioo hicho kionyeshe kasi ya kushuka kwa tarakimu nne. Wanaopenda kusema “kosa la rubani” wakafunga mjadala wanieleze: kama kosa lilikuwa lake peke yake, kioo kilibadilishwa cha nini?

Kule Cali, Colombia, tarehe 20 Desemba 1995, balaa lilianzia kwenye herufi. Marubani wa Boeing 757 ya American Airlines walikuwa wametoka Miami wakiwa wamechelewa takriban saa mbili, kwa hiyo walipopewa njia ya mkato ya kutua, wakaikubali. Kwa haraka wakaandika R, wakikusudia kituo cha redio cha Rozo. Kompyuta ikapokea R hiyo kuwa ni Romeo, kituo kilicho karibu na Bogotá, zaidi ya maili 130 kutoka hapo, ikaigeuza ndege kushoto kuelekea milimani, gizani, kwa ulaini ambao abiria yeyote angeusifu. Kifaa cha kuonya ukaribu wa ardhi kilipolia, marubani walivuta juu kwa nguvu zote, lakini breki za hewa juu ya mabawa zilikuwa bado zimeinuliwa. Kompyuta haikuzirudisha. Walikufa watu 159, wakapona wanne.

Hapo mwanakijiwe hudakia: basi mwondoeni binadamu, si ndiye anayekosea! Sikatai kwamba usafiri wa anga umekuwa salama kuliko zamani, na mitambo ina mchango mkubwa. Ila tazama kifaa kile cha kuonya, ambacho baada ya Cali kilienea kikiwa na ramani ya milima ndani yake. Kimeokoa ndege nyingi zilizokuwa zikishuka, na chenyewe hakirushi ndege hata kidogo. Kinampigia rubani kelele avute juu. Waliokibuni walijua fika nani ataiokoa ndege.

Kinachonitisha mimi ni mkono uliokaa bure ukasahau kazi. Januari 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliyataka mashirika yawahimize marubani warushe ndege kwa mikono mara nyingi zaidi. Tarehe 6 Julai mwaka huohuo, mchana kweupe na hali ya hewa nzuri, Boeing 777 ya shirika la Asiana iligonga ukuta wa bahari San Francisco. Marubani waliamini mitambo inashikilia kasi, kumbe kwa hali waliyokuwa wamechagua ilikuwa imeiachilia. Kasi ikapungua hadi takriban kilomita 190 kwa saa wakati ilipaswa kuwa kama 254. Abiria watatu walikufa.

Nasi Afrika Mashariki tuna msiba wetu. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala, Cameroon. Huko ndege ilikuwa ikipaa, lakini imani ilikuwa ileile: nahodha alitamka kwamba otopailoti, yaani mtambo wa kuiongoza ndege bila mkono, imeshika, na haikuwa imeshika. Hakuna aliyehakikisha. Ndege ikalalia kulia pole pole, na watu wote 114 wakafa.

Watengenezaji wa ndege wamekuwa wakipigia debe mpango wa kumwacha rubani mmoja mbele katika sehemu ya safari ndefu. Mwaka 2025 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, ilihitimisha kwamba usalama wa mpango huo haujathibitika kuwa sawa na ule wa marubani wawili. Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, TCAA na KCAA, zishikilie hapohapo, hesabu za mishahara zitakapoletwa mezani. Ziyadai pia mashirika yaonyeshe ni mara ngapi marubani wao hushusha ndege kwa mikono hali ya hewa ikiwa safi. Na viti viwili vya mbele vibaki na watu wawili.