Wati Elfu Tano za Uongo

Kuna makundi mawili yanayoniudhi kila mazungumzo ya santuri yanapoanza. La kwanza ni la mabwana wakubwa wanaodai kwamba bila mtambo wa bei ya gari hujasikia kitu. La pili ni la wale wanaochomeka mashine ya santuri kwenye sabufa, wanafungulia besi mpaka madirisha yanatetemeka, halafu wanakwambia, "Si unaona? Santuri ni kelele tu." Wote wanatuibia kitu kimoja: maneno.

Nalisema hili mbele ya wapenzi wa fasihi kwa makusudi. Sisi ndio tunaohubiri kwamba taarabu ni ushairi. Shaaban Robert alimwona Siti binti Saad anastahili kitabu kizima, akaandika wasifu wake. Siti mwenyewe alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Baadaye Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab wakatusimulia mapenzi na shida za mjini kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, mara nyingi wimbo mmoja ukikatwa pande mbili kama hadithi ya gazetini yenye "itaendelea". Hizo ni matini, jamani. Tofauti ya "saka" na "shaka" imo kwenye sauti nyembamba za juu, na besi iliyopitiliza huzifunika. Fumbo la taarabu likipoteza konsonanti moja, limekufa. Mhakiki asiyesikia silabi anahakiki nini?

Kwa hiyo nasema: nunua amplifaya ya kawaida ya sanduku moja, yenye kila kitu ndani, na usimwombe mtu radhi. Ila iwe na tundu la PHONO la kweli. Hapo sina mjadala. Kichwa cha sindano cha sumaku, kile cha MM, hutoa kama milivolti 5 tu, ilhali mashine ya CD hufika volti 2, yaani mara 400. Tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954. Tundu la PHONO hukuza ile sauti dhaifu na kuirudisha katika uwiano wake. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida, utapata sauti ya mbu ndani ya kopo. Kama mashine yako ina kikuza chake cha ndani, tumia kimoja, usipitishe kwenye viwili. Na ule waya mwembamba wa ardhi ufunge kwenye skrubu yake, la sivyo utasikiliza mvumo usiku kucha.

Sasa tuje kwenye wati. Sabufa imeandikwa wati 5000 usoni. Igeuze, nyuma pameandikwa inakula wati 60. Chombo kinachokula 60 kitatoaje 5000? Huo ni uongo wa mchana kweupe, na tunaulipia. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 40 za kweli zinatosha. NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 kila upande, ikapendwa na wasikilizaji duniani. Leo Yamaha A-S301 inatoa 60, na tundu la PHONO inalo. Iliyotumika ni sawa kabisa, ila ijaribu kabla ya kulipa: zungusha kitufe cha sauti usikie kama kinakwaruza, sikiliza kila upande peke yake, kisha mpe fundi aangalie kapasita zilizozeeka.

Pesa inayobaki ipeleke kwenye sindano. Sindano iliyochakaa hailalamiki; inachonga santuri kimyakimya, na ulichochonga hakirudi. Na usithubutu kuweka santuri ya mizunguko 78, kama zile za Siti, chini ya sindano nyembamba ya LP. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano yake.

Najua nitaambiwa kwamba nyimbo zote siku hizi ziko kwenye simu. Si zote. Na nyingine zilizoko zimenakiliwa na mtu mwenye sindano mbovu na haraka nyingi; ukisoma nakala hiyo, unasoma makosa ya mnakili.

Mabwana wakubwa wanataka tuamini kwamba kusikia vizuri ni haki ya wenye nacho. Wauza wati wanataka tuamini kwamba kusikia vizuri ni kusikia kwa kishindo. Wakati tunawasikiliza hao, santuri za wazee wetu zinauzwa mafungu kama viazi, au zinapikwa na jua juu ya kabati. Amplifaya ni mtumishi. Ikileta neno mezani likiwa zima, imemaliza kazi yake, na bei yake haimhusu mtu.