Bustani ya Majirani Chato Ianzie Kwenye Gunia

Chato iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, ila maji kuwa karibu si ruhusa ya kulima popote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu za kibinadamu.

Mchicha upandwe wapi, basi?

Kibera, Nairobi, walishajibu. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités liliwasaidia wakazi kulima sukuma wiki na spinachi kwenye magunia. Katikati hupangwa kokoto za kupitishia maji, pembeni hujazwa udongo na samadi, kisha miche huchomekwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia linatosha hata mlangoni.

Chato samadi si shida, ng'ombe wapo. Udongo ndio wa kuangaliwa: katika ukanda huu wa dhahabu, usichotwe karibu na mialo ya kuchenjulia kwa zebaki.

Majirani wakiungana, wachangie kitalu, maji na zamu ya kumwagilia. Mavuno yabaki ya mwenye gunia. Mashamba ya pamoja ya enzi za vijiji vya ujamaa yaliyumba sehemu nyingi kwa sababu jasho la mtu halikuonekana kwenye sahani yake. Mchaichai na mrehani viwe vya wote, maana havigombaniwi.

Wenyeviti wa vitongoji watenge kiwanja kimoja kilicholala kwa ajili ya kitalu na magunia hayo, kabla mvua za vuli hazijaanza.