Muhogo wa siku moja

Tuliitwa asubuhi moja twende kumwombea msichana aliyelala mzima, akaamka miguu haimtii. Homa hakuwa nayo. Alitujibu vema, akili zake zote zipo. Lakini aliposimamishwa magoti yaligongana, visigino vikakataa kugusa chini, na miguu ikapitana kama makasi. Jua lilikuwa halijachwa, na tayari ukoo ulikuwa umekaa kikao, na jina la nyanya mmoja jirani limekwisha tajwa. Amemloga, wakasema. Alimwomba mtoto maji ya kunywa juzi, mtoto akakataa, basi.

Ugonjwa ule una jina, nalo si ulozi. Waitwa konzo. Wayaka wa Kwango ndio waliolitoa neno hilo, maana yake miguu iliyofungwa, na mganga Giovanni Trolli aliandika habari zake huko Kwango mwaka 1938. Si polio, maana polio huulegeza mguu, bali konzo huukaza. Huja ghafula, kwa siku moja au chache tu, miguu yote miwili pamoja. Mara nyingi hauzidi tena, lakini haponi mtu. Hushika zaidi watoto waliopita miaka mitatu na mama walio katika umri wa kuzaa.

Sababu yake iko ndani ya chungu. Muhogo mchungu una sumu ambayo waganga huiita sianidi. Mizizi ikilowekwa majini siku tatu hulainika, sumu huachana na unga wake, ikatoka kama hewa. Nyanya zetu walijua hayo pasipo kusoma kitabu. Ikilowekwa siku moja tu, au ikianikwa juani pasipo kulowekwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki, na kupika bugali hakuiondoi yote. Sasa mwili una silaha yake: huigeuza sumu hiyo kwa kutumia salfa inayopatikana katika maharage, samaki, nyama na mayai. Mtu anayekula bugali na maharage kila siku hujilinda. Anayekula bugali na sombe tu, juma kwa juma, silaha humwishia.

Hapo wazee wa kikao hutuuliza, na swali lao si la kipumbavu: «Mwalimu, sisi sote twala muhogo. Mbona amepatwa huyu mmoja?» Twajibu: kwa kuwa mambo mawili yalikutana juu yake. Sumu ilikuwa kwa wote. Maharage hayakuwa kwa wote. Tazameni sahani za nyumba zetu. Baba hupewa samaki, wageni hupewa samaki, na mtoto wa kike huchovya tonge katika mchuzi uliobaki. Kabla ya kumtafuta mlozi jirani, waulize kwanza nani alikula nini mwezi uliopita katika nyumba ile. Swali hilo hulisikii katika vikao, maana jibu lake laweza kumgusa mwenye kiti.

Lakini tuna neno pia kwa wale wajuao habari za sumu, wenye viatu safi, wanaokuja na kusema: wanawake hawa ni wavivu, hawaloweki vizuri. Wengine husema: acheni kabisa muhogo mchungu. Wameze mate kwanza! Muhogo mchungu hustawi katika udongo uliochoka, ngedere na nguruwe hawaupendi, na askari akipita aweza kubeba mbuzi na mahindi ya ghala, lakini hana nafasi ya kuchimba shamba zima. Katika nchi ya vita muhogo ndio benki ya maskini. Na juu ya uvivu, tulimwuliza mama wa yule msichana:

«Mama, muhogo huu ulikaa majini siku ngapi?»

«Moja, mwalimu. Walikuwa wamelala njaa siku mbili. Ningewaambia wangoje siku ya tatu?»

Mvivu ni nani hapo?

Haraka hii ina wenyewe. Msumbiji, mwaka 1981, ukame uliikumba nchi katika jimbo la Nampula, na watu zaidi ya 1,000 walipatwa. Tarime, upande wa Tanzania, konzo ilionekana mwaka 1985 baada ya ukame. Kwetu Kivu ya Kusini, waganga waliandika mwaka 2011 kwamba imefika Burhinyi, nchi iliyochoshwa na vita. Na huko Bandundu haikuhitaji hata bunduki: biashara ya muhogo na Kinshasa ilipokua, wafanyabiashara walitaka mzigo upesi, na siku za kuloweka zikapunguzwa. Mnunuzi alipata unga mweupe. Mama mwenye shamba aliuza maharage yake ili apate franga, akabaki na muhogo wa siku moja.

Iko njia ya kupunguza hatari, nayo haidai franga hata moja. Mtaalamu Bradbury wa Australia aliipanga, na mwaka 2012 iliandikwa kwamba katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, wanawake walipoitumia konzo mpya hazikuonekana. Tia unga wa muhogo ndani ya beseni, piga alama palipofika. Ongeza maji na kukoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, wembamba usiozidi unene wa kidole, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha upike siku ileile. Yule mama angaliweza kungoja saa tano. Hakuna aliyemwambia. Sisi tulikuwa tumekuja kijijini mara ngapi mwaka ule, na mahubiri juu ya ulozi tulitoa mangapi? Juu ya beseni hatukusema neno.

Tena wenye duka na wenye mafurushi ya misaada wakumbuke: gari linaloleta unga tu lilete na maharage, au sambaza zilizokauka.

Msichana yule sasa hutembea kwa fimbo mbili. Nyanya aliyetajwa alihama usiku uleule, yuko kwa binti yake ng'ambo ya mto, na mlango wa nyumba yake ulichukuliwa na vijana wakautia motoni. Tulikuwa palepale katika kikao, tumekaa karibu na mwenye kiti, na kitabu cha sala mkononi. Tulinyamaza.