Kiasi cha Bunduki

Ukizifunua kamusi kongwe za Kiswahili, zile zilizotungwa wakati bunduki ilipokuwa ikishindiliwa kwa mdeki, utakuta kwamba neno kiasi lina maana moja ambayo wengi wetu hatukufunzwa darasani. Kiasi cha bunduki ni risasi kamili: baruti iliyokwisha kupimwa pamoja na kile kipande kitakachorushwa. Yamkini waliolitumia jina hilo waliona kwamba jambo kuu katika zana hiyo si moto wala mshindo, bali ni kipimo. Siku hizi neno risasi limebebeshwa mizigo miwili, kitu kinachoruka na mkusanyiko mzima unaotiwa bundukini. Nitalifufua kiasi katika makala haya kwa kuwa nalihitaji, na pia kwa sababu sipendi kuona neno zuri likizikwa.

Kule Marekani wapo watu wengi ambao hawategemei viasi vya dukani. Hushindilia vyao nyumbani, gerejini au katika chumba cha chini ya nyumba. Ganda la shaba halifi kwa kufyatuliwa mara moja. Mtu huliokota, akalisafisha, akalirudishia umbo lake kwa mashine ya mkono, akalitia fataki mpya kitakoni, akamimina baruti aliyoipima, kisha akaikaza risasi mdomoni. Wengine hubana matumizi kwa njia hiyo, wengine hutafuta shabaha bora, na wengine hupata raha tu ya kushughulisha mikono. Uhaba wa mwaka 2013, na tena ule wa 2020, ulipoyakausha maduka, hapakosekani waliouingia ufundi huu kwa haraka. Kwetu Kenya jambo hili ni geni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia hata kununua risasi bila cheti. Sina nia ya kuupigia debe mchezo huo wala kuulaani. Ninachokipinga ni uzembe, hasa ule uzembe unaovaa joho la ustadi.

Baruti hupimwa kwa greini, uzani wa kale uliotokana na punje ya shayiri. Greini 7,000 ndizo ratili moja, na gramu moja ni zaidi ya greini 15. Kiasi cha bastola aghalabu huhitaji greini nne au tano tu. Sasa tatizo liko hapa. Baadhi ya maganda bado yana ukubwa ule yaliyopewa katika karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi ambayo iliijaza nafasi yote. Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu nyingi mno kuliko nyeusi ya uzani uleule. Kwa hiyo kidogo chake hukaa kitakoni mwa ganda kama maji ya mwisho mtungini. Ukisahau ukamimina mara mbili, ganda halifuriki. Halikuonyi kwa lolote. Mdomo wake ukishafungwa kwa risasi, kiasi kilicho salama na kile kitakachoipasua bastola mkononi mwako hufanana kama mapacha.

Mwaka 2014 nilikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha huko. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mstaafu, mtu wa utaratibu hata katika kukunja taulo, na alikuwa ameshindilia viasi vyake kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitaka kujifunza lugha yetu. Basi jioni nilikaa kitini kando ya mashine yake, yeye akimimina na kukaza, mimi nikimweleza ngeli. Redio ilikuwa ikitangaza mchezo. Bakuli la njugu lilikuwa mezani, naye alitafuna huku akifanya kazi. Nilidhani nautazama ustadi. Mara kadhaa aliinua kichwa kuniuliza kwa nini tunasema kijana huyu ilhali hatusemi kijana hiki, na mimi, kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi mdadisi, nilimjibu kwa kirefu.

Jumamosi moja alinichukua kwenye uwanja wa shabaha. Alikuwa na kisanduku cha viasi hamsini. Alifyatua vinane, vyote vikatoa mshindo wa kawaida. Cha tisa kilitoa sauti hafifu, kama mtu aliyezibua chupa. Mzee alikunja uso, akaielekeza bastola tena kwenye shabaha, na kidole kikarudi kwenye kifyatulio. Mtu wa meza ya pili alipaza sauti kumzuia. Walipochunguza, waliiona risasi imekwama katikati ya mtutu. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ndiyo iliyoisukuma risasi hadi hapo. Kiasi cha kumi kingeikuta njia imezibwa, na mtutu ungepasuka baina ya watu sita waliosimama bega kwa bega.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wasemao, na nimewasikia wengi, kwamba mshindiliaji akikosea atajiumiza mwenyewe. Mkono ni wake, husema, na macho ni yake. Uwongo. Vipande vya chuma haviulizi kosa ni la nani. Tena asilani usikubali ile hoja ya miaka thelathini bila ajali. Mwenye miaka thelathini ndiye aliyekuwa akisikiliza redio. Mgeni wa kazi, mwenye hofu yake na kitabu chake wazi, angeizima.

Historia ina kisa kinachonisaidia. Baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, maelfu ya bunduki zilizookotwa uwanjani zilikutwa zimeshindiliwa zaidi ya mara moja, baruti juu ya baruti, risasi juu ya risasi. Askari wale waliponzwa na kiwewe. Moshi uliwafunika na wenzao walikuwa wakianguka. Nani atawalaumu kwa kusahau hesabu? Mzee wangu alikuwa na taa nzuri, kiti laini na njugu. Starehe ilimfikisha pale pale hofu ilipowafikisha wao, na mimi naiona starehe kuwa hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayejihadhari nayo.

Yapo makosa mengine. Kuna baruti mbili za Marekani, IMR 4831 na H4831, zenye nambari moja lakini kasi tofauti ya kuungua; anayechukua kipimo cha moja akamimina nyingine anacheza kamari. Ndiyo maana vitabu vya ufundi huo husisitiza mkebe mmoja tu mezani, baruti isihifadhiwe kamwe nje ya chombo chake cha asili, na mtu aanze chini ya kipimo cha juu kisha apande polepole. Watu huzisoma kanuni hizo mara moja, kisha hurithishana vipimo kwa mdomo, kama ngano. Sisi wa fasihi simulizi tunajua masimulizi yanavyobadilika kila yanapopokewa. Katika hadithi ya sungura badiliko ni utajiri. Katika greini nne na nusu ni jambo jingine kabisa.

Na zile njugu? Neno risasi asili yake ni Kiarabu, nalo ndilo jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Ni sumu. Vumbi lake, pamoja na lile la mabaki ya fataki, hushika vidoleni, na kutoka vidoleni huingia kinywani, au hufuata nguo hadi kwa mtoto atambaaye sakafuni. Lugha yetu imelitaja jina la sumu hiyo waziwazi. Aliyekuwa akiila hakulijua, na mimi niliyelijua sikumwambia.

Viasi arobaini na kimoja vilibaki kisandukuni. Usiku ule mzee alivipima kimoja kimoja kwenye mizani na kutangaza kwamba viko sawa. Nilikubali, kwani mizani ni mizani. Baadaye nililala nikiwaza. Maganda hayana uzani mmoja, wala risasi hazina, na tofauti zao zikijumlishwa zaweza kuficha greini nne kwa urahisi. Asubuhi nilimwambia hivyo kwa kusitasita, maana yeye ni mzee wa kazi na mimi ni mtu wa sarufi. Alikasirika kidogo. Kisha alitoa nyundo yake maalumu, ile ambayo kiasi hutiwa kichwani mwake na ikigongwa chini risasi huchomoka, akavaa miwani ya kinga, akaanza.

Ilimchukua jioni mbili. Cha ishirini na sita kilipofunguka, baruti iliyomwagika kwenye kisahani cha mizani ilikuwa greini tisa. Alikaa kimya. Alizima redio, na kesho yake kiti changu alikihamishia sebuleni. Masomo yaliendelea huko, baada ya mashine kufunikwa na mikono kunawiwa.