Mvumbuzi asiende Kinshasa peke yake

Katika maeneo wanakoishi waliokimbia vita, akili hazikosekani. Fundi anachukua bati la zamani na udongo, anatengeneza mbabula inayokula makala kidogo. Miezi michache baadaye mbabula hiyo inauzwa na watu wasiomfahamu, naye bado anakopa unga.

Watu husema haraka: aende Kinshasa akaombe hataza, ile wengi wanayoita breve. Ni kweli sheria ipo tangu tarehe 7 Januari 1982, na hataza inamlinda mwenye uvumbuzi kwa miaka 20. Lakini kwenda peke yake na karatasi mbili alizoandika usiku ni kujichosha bure.

Ugumu hauko kwenye muhuri, uko kwenye maandishi. Fundi akiandika kwamba amevumbua "mbabula yenye matundu matatu", mwingine atatoboa manne na hakuna atakayemgusa. Wakala aliyeizoea kazi atauliza kwanza: ni nini hasa kinachopunguza makala? Pengine ni namna hewa inavyopita kati ya kuta mbili. Basi hilo ndilo litakalodaiwa, matundu yawe matatu au kumi.

Tena atamwambia anyamaze. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa sokoni au kuelezwa redioni kabla ya ombi kuwekwa kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Waandishi wa habari nao wakumbuke hilo kabla ya kumpa fundi kipaza sauti.

Na kuna mipaka. Kongo haimo katika shirika la OAPI lenye makao yake Yaoundé, wala ARIPO la Harare. Hataza ya Kinshasa haimlindi mtu Uganda wala Rwanda. Mkataba wa Paris unampa miezi 12 tangu ombi la kwanza aombe kwingine bila kupoteza nafasi yake. Asiye na mshauri huyajua haya mwezi wa 13.

Shida ni pesa. Wakala analipwa, na aliyehama hana dola. Mashirika yanayoandaa semina za ujasiriamali yangesaidia zaidi yakilipia wakala mmoja kwa mafundi kumi.

Matapeli pia wapo. Kabla ya kutoa hata franga moja, fundi aulize wakala amekwisha kupata hataza ngapi, na aonyeshwe namba zake. Adai mkataba wa maandishi na risiti. Wakala anayetaka jina lake liandikwe kama mvumbuzi, aachwe mlangoni.